Je, wajua kwa nini Mario hupaa zaidi ukishikilia kitufe?

Muulize yeyote aliyewahi kucheza Super Mario Bros., gemu ya Nintendo iliyotoka Japani Septemba 1985, Mario anarukaje. Atakujibu bila kusita: ukigusa kitufe A anaruka kidogo, ukikishikilia anapanda juu. Hapo yuko sahihi. Muulize sasa kwa nini, na jibu la kawaida ni kwamba kitufe kinamsukuma: kadiri unavyokikandamiza, ndivyo nguvu ya kumpandisha inavyozidi kuongezwa. Hapo amepotea.

Kitufe hakimsukumi Mario hata kidogo baada ya miguu kuachana na ardhi. Msukumo wote hutolewa kwa mkupuo, mwanzoni kabisa mwa mruko, na ni uleule ukigusa tu au ukishikilia mpaka kidole kiume. Kinachobadilika ni uzito wa dunia yake. Kitufe kikiwa chini, mvutano unaomrudisha ardhini huwa mwepesi. Ukikiachia, mvutano huohuo unakuwa mzito mara 3 na nusu, na unabaki hivyo mpaka atue.

Ni rahisi kuona kwa nini wengi hukosea. Kidole kinafanya kazi, mtu anapanda, akili inaunganisha mambo mawili na kuona injini. Lakini injini ingeacha alama nyingine kwenye skrini. Kama kitufe kingekuwa kinasukuma, Mario angepanda kwa kasi ileile muda wote unaposhikilia, kisha angeanza kupunguza mwendo ukiachia. Tazama gemu kwenye emuleta, yaani programu inayoiga konsoli ya zamani, inayoweza kusogeza fremu (picha za skrini, 60 kwa sekunde) moja moja na utaona kinyume chake: anaanza kwa pikseli, zile nukta za skrini, 4 kwa fremu, baada ya fremu 8 amebaki na 3, baada ya 16 amebaki na 2. Anapunguza mwendo tangu mwanzo, kama jiwe lililorushwa, ingawa kitufe hakijaachiwa. Kuna jaribio la pili ambalo halihitaji emuleta: ruka, achia kitufe katikati ya kupanda, kisha kibonyeze tena hapohapo. Hakuna kinachotokea. Jaribio hili la pili peke yake lisikudanganye, maana hata gemu yenye msukumo wa kweli inaweza kuandikwa ikatae mbonyezo wa pili. Ushahidi mzito ni ule wa fremu.

Na kuna dalili ya tatu, ndogo lakini tamu: ukiachia kitufe mapema, Mario hasimami. Anaendelea kupanda kidogo, kwa uchovu, ndipo anageuka. Hata ukigusa kitufe kwa muda mfupi kabisa, atapanda tofali moja na kitu.

Sasa, mashine ilifanyaje hesabu hiyo? Famicom (NES nje ya Japani), ile konsoli ya biti 8 ya Nintendo, ilikuwa na prosesa ya megahezi 1.79, kumbukumbu ya kazi ya kilobaiti 2, na haikuwa na amri ya kuzidisha wala kugawanya. Kila kitu kilifanywa kwa kujumlisha, kutoa na kusoma majedwali, mara 60 kwa sekunde. Hakuna mahali popote ndani ya programu penye fomula ya mruko.

Badala yake, chukulia kuna ndoo inayojaa kwa vikombe 256. Kasi ya Mario inahesabiwa kwa pikseli nzima: anaanza na 4 kwenda juu. Kila fremu, programu inamimina maji ndoni. Ndoo ikijaa, inamwagwa, na kasi ya kupanda inapungua kwa 1. Ukiwa umeshikilia kitufe, vinamiminwa vikombe 32 kwa fremu, hivyo ndoo inajaa kila baada ya fremu 8. Ukiachia, vinamiminwa 112, na ndoo inajaa kila fremu 2 au 3. Ili kasi ifike sifuri, ndoo lazima imwagwe mara 4. Kwa vikombe 32, hiyo ni fremu 32, zaidi kidogo ya nusu sekunde. Kwa vikombe 112, ni fremu 9 au 10 tu. Maji ambayo hayajajaza ndoo nayo hayapotei: yanahesabiwa kwenye mahali alipo Mario kupitia ndoo ya pili ya ukubwa uleule, ndiyo maana mruko unaonekana laini badala ya kwenda kwa mikato mikato.

Jumlisha hatua zote za fremu 32 na utapata pikseli 66. Tofali moja la gemu lina pikseli 16, kwa hiyo mruko kamili wa Mario aliyesimama ni matofali 4, na chenji ya pikseli 2. Sasa kumbuka mabomba ya hatua ya kwanza kabisa, ile inayoitwa 1-1. La kwanza lina kimo cha matofali 2, la pili 3, la tatu 4. Bomba la kwanza halikudai sana. La tatu, ukitaka kulipanda kutoka chini bila kukimbia, ni lazima ushikilie kitufe karibu mpaka kileleni. Hakuna maandishi yanayokuelekeza. Unajifunza kwa kugonga ukuta.

Akikimbia, mambo yananoga zaidi. Programu ina jedwali linaloangalia kasi ya kwenda mbele wakati wa kuruka na kuchagua namba zinazofaa. Kasi ya juu ya kutembea ni pikseli 1.5 kwa fremu, ya kukimbia ni 2.5. Mwenye kukimbia hupewa msukumo wa 5 badala ya 4, na wengi wangetegemea mvutano ubaki vilevile. Haubaki. Unapanda kutoka vikombe 32 hadi 40. Gawanya: 5 kwa 40 inatoa muda uleule wa 4 kwa 32. Yaani Mario akikimbia anafika matofali 5, lakini anachukua fremu 32 zilezile kufika kileleni. Kidole cha mchezaji kikishajifunza urefu wa kushikilia kwa mruko mmoja, kinaujua na wa mwingine. Siamini kabisa kwamba ni bahati nasibu. Mwenye kutembea, katikati ya hao wawili, hupewa msukumo wa 4 na vikombe 30, tofauti ndogo ambayo ni vigumu kuigundua kwa macho.

Kushuka ni hadithi nyingine. Akishapita kilele, mvutano mzito unaingia hata kama kidole bado kimekandamiza. Kasi ya kuanguka nayo imewekewa kikomo cha takriban pikseli 4 kwa fremu. Matokeo yake, mruko wa kusimama unaopanda kwa fremu 32 unashuka kwa kama 20 tu. Ukichora njia yake kwenye karatasi hupati upinde mmoja uliolingana pande zote. Unapata vipande viwili vya pinde mbili tofauti vilivyounganishwa kileleni. Kwa sheria za fizikia ni upuuzi. Kwa mkono ni raha: unapewa muda wa kulenga ukiwa juu, kisha unarudishwa ardhini haraka ili uendelee na shughuli.

Namba hizi zote ni za toleo la hezi 60, yaani picha 60 kwa sekunde. Mtu aliyecheza toleo la televisheni za PAL, mfumo uliotumika sana Ulaya, zilizotumia hezi 50, asishangae akipima na kupata tofauti.

Gemu nyingine za enzi hizo hazikufuata njia hii, na hapo ndipo kila moja ilipopata ladha yake. Donkey Kong ya 1981 haikujali umeshikilia kitufe au la. Mruko ulikuwa mmoja, na ukishaondoka ardhini huna usemi. Castlevania ya 1986 iliendeleza ukali huohuo, na ndiyo sababu kila pengo ndani yake huhitaji uamuzi kabla ya kuruka, si baada. Mega Man ya 1987 hukata kasi ya kupanda mara tu unapoachia, naye huanza kuanguka papo hapo. Sonic the Hedgehog ya 1991 ina hila tofauti: anaondoka na kasi ya pikseli 6.5 kwa fremu, mvutano haubadiliki, lakini ukiachia kitufe huku kasi ikiwa bado juu ya 4, inakatwa hadi 4. Ukiwa umechelewa na kasi imeshashuka chini ya hapo, kuachia hakufanyi lolote. Na ule msukumo ambao watu hudhani uko kwa Mario upo kweli mahali pengine: katika Celeste ya 2018, kitufe kikishikiliwa, kasi ya kupanda hulindwa isishuke kwa hadi sekunde 0.2. Kwa hiyo dhana ya injini si ya kijinga. Imebandikwa tu kwa mtu asiye wake.

Anayetaka kuandika mruko wa aina ya Mario hana haja ya kubahatisha namba. Anza na mambo mawili unayoyajua: kimo unachotaka na muda wa kukifikia. Kasi ya kuanzia ni kimo mara 2, gawanya kwa muda. Mvutano ni kimo mara 2, gawanya kwa muda uliozidishwa kwa wenyewe. Weka kimo cha pikseli 64 na muda wa fremu 32 na utapata kasi 4 na mvutano 0.125, ambao ndio vile vikombe 32 kati ya 256. Kisha weka mvutano wa pili, mara 3 hadi 4 ya ule wa kwanza, utumike kitufe kikiachiwa au kilele kikipitwa.

Makosa huja kwenye mambo madogo ya pembeni. La kwanza ni kuanzisha mruko kwa kuuliza kama kitufe kiko chini, badala ya kuuliza kama kimebonyezwa sasa hivi na fremu iliyopita hakikuwa chini. Ukikosea hapo, mhusika atadundadunda kama mpira kila anapotua. La pili ni kusahau kichwa: akigonga dari na kasi ya kupanda isifutwe, atanasa chini ya tofali mpaka mvutano umalize kasi hiyo. La tatu ni kuacha kuanguka bila kikomo. Kwa mvutano wa 0.4375, yaani vile vikombe 112 kati ya 256, sekunde moja ya kuanguka inafikisha pikseli 26 kwa fremu, na mtu anayeruka pikseli 26 kwa hatua moja anaweza kulipita tofali la pikseli 16 bila programu kugundua kwamba liligusana naye. La nne ni kuruhusu mvutano mwepesi urudi kitufe kikibonyezwa tena angani. Hapo wachezaji watakuwa wakigonga kitufe haraka haraka ili waelee. Kwa Mario, ukishaachia, mvutano mzito umeandikwa na haufutiki.

Kumbuka pia kwamba namba hizi ni za kwa fremu. Gemu ileile ikiendeshwa mara 120 kwa sekunde bila kurekebishwa, kila kitu kinakwenda mara 2. Ikiendeshwa mara 50, kinakwenda taratibu kwa karibu asilimia 17, jambo ambalo wachezaji wa Sonic ya kwanza kwenye televisheni za PAL walilipata moja kwa moja.

Limebaki lalamiko moja la wanaorudia gemu hizi leo: mashimo waliyokuwa wakiyavuka wakiwa watoto sasa wanatumbukia, na wanalaumu vidole vilivyozeeka. Huenda, lakini kagua televisheni kwanza. Televisheni za kioo kinene zilionyesha picha karibu papo hapo. Nyingi za kisasa huchakata picha kabla ya kuionyesha. Tuseme ucheleweshaji ni fremu 6, sehemu ya kumi ya sekunde. Mario anayekimbia kwa pikseli 2.5 kwa fremu atakuwa amesogea pikseli 15, karibu tofali zima, kati ya unachokiona na alipo kweli. Unabonyeza ukimwona ukingoni. Yeye ameshaanza kuanguka. Kimo cha mruko hakiathiriki, kwa sababu kubonyeza na kuachia vyote vinachelewa sawasawa. Kinachoharibika ni mahali pa kuondokea tu. Televisheni nyingi zina mpangilio maalumu wa gemu kwenye menyu ya picha unaozima uchakataji huo. Ukiwasha na bado unatumbukia, anza kuruka tofali moja kabla ya ukingo: mruko kamili wa kukimbia hubeba pikseli 140 hivi, karibu matofali 9, na mapengo mengi ya gemu hiyo ni mafupi kuliko hapo.