Kijalizo cha mbili: jinsi kompyuta inavyotoa kwa kujumlisha

Tazama saa ya ukutani yenye mishale. Mshale mfupi uko kwenye 10, nawe unataka kuurudisha nyuma kwa saa 3. Unaweza kuuzungusha nyuma hatua 3 ukafika 7. Unaweza pia kuuzungusha mbele hatua 9, na bado utafika 7. Kwenye uso wa saa, kutoa 3 na kujumlisha 9 ni jambo moja, kwa sababu 3 na 9 hukamilisha 12. Hiyo 9 ndiyo kijalizo cha 3, yaani kiasi kinachopungua ili duara litimie.

Kijalizo cha mbili, ambacho karatasi ya mtihani hukiita two's complement, ni wazo hilohilo kwenye namba za binari, zinazoandikwa kwa 0 na 1 tu. Kila 0 au 1 huitwa biti. Duara la saa lina nafasi 12. Duara la biti 8 lina nafasi 256, kuanzia 00000000 hadi 11111111. Kwa hiyo kijalizo cha 14 ni 256 toa 14, yaani 242. Kompyuta ikitakiwa kutoa 14, hujumlisha 242, na jibu huangukia palepale. Mashine inapenda njia hii kwa sababu saketi ya kujumlisha tayari imo ndani ya prosesa, na kugeuza 0 kuwa 1 au 1 kuwa 0 ni kazi ndogo sana. Haihitaji saketi nyingine ya kukopa nafasi kwa nafasi kama tunavyokopa kwenye daftari.

Katika somo la Kompyuta la KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, mada hii husomwa Kidato cha Tatu na hutoka Karatasi ya 1, ile ya nadharia ya saa mbili na nusu. Swali lenyewe huwa fupi: kwa biti 8, tumia kijalizo cha mbili kukokotoa 25 − 14. Kila mtu anajua jibu ni 11. Anachotaka mtahini ni njia, kwa hiyo usiruke hatua hata moja.

Anza kwa kuandika namba zote mbili kwa biti 8 kamili. 25 ni 11001, nawe jaza sufuri tatu kushoto upate 00011001. 14 ni 1110, jaza sufuri nne upate 00001110. Sasa shika namba inayotolewa peke yake, 14, na ugeuze kila biti: 11110001. Jumlisha 1 upate 11110010. Hiyo ndiyo 242 tuliyoiona juu, na ndiyo inayosimama badala ya −14. Kisha jumlisha:

00011001
+ 11110010
= 1 00001011

Kutoka kulia, nafasi nne za mwanzo hazina shida: 1, 1, 0, 1. Nafasi ya tano ni 1 na 1, andika 0 beba 1. Kuanzia hapo ile 1 iliyobebwa hukutana na 0 na 1 kila mara, kwa hiyo unaandika 0 na kubeba 1 mpaka unatoka nje ya biti 8. Biti ya tisa hudondoshwa, kwa sababu ni ule mzunguko mmoja kamili wa duara. Kinachobaki ni 00001011, yaani 8 + 2 + 1 = 11.

Kosa linalopoteza alama kuliko yote hutokea kabla hesabu haijaanza, nalo ni kugeuza biti kabla ya kujaza sufuri. Mwanafunzi huchukua 1110, akageuza kuwa 0001, akajumlisha 1 akapata 0010, kisha akaijumlisha na 11001. Jibu lake ni 11011, yaani 27. Ametumia duara la nafasi 16 kwa 14 na duara kubwa zaidi kwa 25. Kijalizo cha 14 ndani ya 16 ni 2, na 25 + 2 ni 27 kweli. Zile sufuri za kushoto zinaonekana kama mapambo, lakini zikigeuzwa huwa 1, na hizo 1 ndizo zinazobeba maana ya "hasi". Swali lisipotaja idadi ya biti, tumia 8 na uitaje wazi kwenye jibu lako.

Sasa geuza swali: 14 − 25. Hapa ndipo wengi hufanya kazi safi kisha wakaharibu mstari wa mwisho. 25 ni 00011001, ikigeuzwa ni 11100110, ongeza 1 upate 11100111. Jumlisha na 00001110, jibu ni 11110101, na safari hii hakuna biti ya tisa. Ukilisoma kama namba ya kawaida utapata 245, na ukiandika hivyo umekosa. Tazama biti ya kushoto kabisa: ikiwa ni 1, jibu ni hasi. Ili kujua ukubwa wake, geuza tena biti zote, 00001010, ongeza 1, 00001011. Ni 11, kwa hiyo jibu ni −11.

Kuna njia ya kujihakikishia ambayo tunaisisitiza kwa kila mtahiniwa, maana haichukui hata nusu dakika. Zipe biti uzito wake wa kawaida, yaani 1, 2, 4, 8, 16, 32 na 64 kutoka kulia, isipokuwa ya kushoto kabisa, ambayo uzito wake ni −128. Basi 11110101 ni −128 + 64 + 32 + 16 + 4 + 1, yaani −11. Ifanye pembeni ya karatasi, halafu uendelee.

Kijalizo cha moja ni ndugu wa karibu, na undugu huo ndio unaochanganya. Hapo unageuza biti tu bila kuongeza 1. Kwa 25 − 14 utajumlisha 00011001 na 11110001, upate 1 00001010. Biti ya tisa haitupwi. Hurudishwa mwisho na kujumlishwa, 00001010 + 1, upate 00001011. Ukiirudisha kwenye kijalizo cha mbili utapata 12, na ukiitupa kwenye kijalizo cha moja utapata 10. Jibu likikosewa kwa 1, kagua hapo kwanza. Upungufu wa kijalizo cha moja ni kwamba kina sufuri mbili, 00000000 na 11111111, na hilo ni jibu zuri ukiulizwa kwa nini kile cha mbili hupendelewa.

Jambo jingine linalochanganya ni kufurika, yaani jibu kutotoshea ndani ya biti zilizopo. Biti 8 katika kijalizo cha mbili hubeba namba kuanzia −128 hadi 127, basi. Jumlisha 100 na 60: 01100100 na 00111100 hutoa 10100000, ambayo ni −96. Namba mbili chanya zimezaa hasi, na hiyo ndiyo dalili ya kufurika. Kuwepo kwa biti ya tisa peke yake si kufurika. Katika 25 − 14 biti ya tisa ilikuwepo na jibu lilikuwa sahihi kabisa. Ukiulizwa, zungumzia alama za namba, yaani kama ni chanya au hasi.

Hili halikomei darasani. Kompyuta nyingi zilihesabu muda kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, zikiuhifadhi kwa biti 32 za kijalizo cha mbili. Kikomo cha juu hapo ni 2,147,483,647, nacho kitafikiwa tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde inayofuata, mfumo ambao haujabadilishwa utasoma namba hasi na kudhani ni Desemba 1901.

Kwa mazoezi, usichukue jozi za namba rahisi zinazotoa jibu chanya tu. Chukua jozi moja uifanye pande zote mbili, kama tulivyofanya, kwa kijalizo cha mbili kisha kwa cha moja. Jaribu 60 − 23, jibu ni 00100101. Kisha 37 − 52, ambapo kijalizo cha mbili kinakupa 11110001, yaani −15. Ukishazoea, tafuta kijalizo cha mbili cha 10000000. Ukigeuza biti unapata 01111111, ukiongeza 1 unarudi kwenye 10000000 ileile, kwa sababu +128 haina nafasi ndani ya biti 8.