Nguva si jini: dhana potofu kuhusu hadithi za visiwani na uhifadhi wa bahari

Wapo walimu na wazazi wanaosema mtoto wa pwani afundishwe kutunza bahari kwa vitabu vya sayansi peke yake, na ngano za mabibi ziachwe zife. Wasiwasi wao naufahamu, lakini sababu nyingi wanazozitoa hazina msingi.

Dhana: Ngano huwajaza watoto uongo.

Mtoto anapoitikia "Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea", amekubali kwa kinywa chake kwamba anachokwenda kusikia kimetungwa. Sungura akisema, hashtuki. Hatari iko kwingine: pale mnyama wa kweli anapofichwa nyuma ya kiumbe wa kubuni, mtoto akakua bila kujua kwamba yupo na anaweza kutoweka.

Dhana: Nguva ni jini la kike, nusu mtu nusu samaki.

Nguva ni mnyama anayenyonyesha. Chuchu zake ziko karibu na kwapa, na huenda hapo ndipo watu walipoanza kumfananisha na mwanamke. Hufikia urefu wa mita 3, na chakula chake ni nyasi bahari. Anapolisha hung'oa nyasi pamoja na mizizi, akaacha mchirizi mweupe wa mchanga katikati ya kijani. Kila baada ya dakika chache hupanda juu, akatoa pua tu, akavuta pumzi na kuzama tena.

Pumzi hiyo ndiyo inayomponza. Akinaswa na jarife, wavu wenye matundu makubwa, lililotegwa usiku kwa ajili ya papa na samaki aina ya taa, hawezi kupanda, na hufa maji kama ambavyo mtu angekufa. Mimba yake huchukua zaidi ya mwaka, mtoto huwa mmoja, kisha miaka kadhaa hupita kabla hajazaa tena. Mwaka 2022 nguva wa Afrika Mashariki waliorodheshwa kimataifa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, kwa kukadiriwa kwamba waliokomaa hawafiki 250. Kwa Tanzania, eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa ndilo linalotegemewa zaidi kuwa bado wanaishi.

Kwa hiyo hadithi ya nguva isifutwe. Msimulie mtoto habari ya mama anayempandisha mwanawe juu kuvuta pumzi, na jarife limetanda njiani. Hofu ya jini haina haja hapo. Jarife lenyewe linatosha.

Dhana: Papa ni mla watu, kama alivyo katika ngano.

Katika kisa cha kima na papa, kilichokwisha kuchapishwa mwaka 1870 kutoka kwa wasimuliaji wa Zanzibar, papa anamhadaa kima ili akatolewe moyo. Kisa ni kitamu na kiendelee. Ila mtoto asikie pia habari za papa potwe wa Kilindoni, Mafia, mkubwa kuliko ngalawa, ambaye hula dagaa na viumbe vidogo vidogo.

Dhana: Visasili vya visiwani vinapingana na dini.

Wapemba wanasimulia kwamba Nabii Hidhr aliwatokea wavuvi katika kisiwa cha Misali, karibu na Pemba, akawaomba msala, yaani mkeka wa kusalia. Hawakuwa nao. Akasema kisiwa chenyewe, kwa umbo lake na kuelekea kwake kibla, kitakuwa msala wake. Watu waliolelewa na kisa hicho hawakuhitaji kubembelezwa sana kuamini kwamba mahali pale pana heshima yake. Misali ikatangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1998, na sehemu ya maji yake ikafungwa kabisa kwa uvuvi. Baadaye masheikh na walimu wa madrasa wakaingia kazini kwa hoja za Kurani: kwamba binadamu ni khalifa, yaani msimamizi aliyewekwa na Mungu, duniani, na kwamba anayelipua matumbawe kwa baruti anaharibu amana. Kasa nao bado hupanda ufukweni mwa Misali kutaga mayai, na mtoto aliyesikia kisa cha msala anaelewa upesi kwa nini mayai yale hayachimbuliwi.