Je, wajua kwa nini leni ya watu wa miguu inapitisha watu wengi kuliko ya magari?

Ukichukua leni moja tu ya barabara pale tao, yaani katikati ya jiji la Nairobi, uitoe magari uwaachie wanaotembea, wenye baiskeli na wenye viti vya magurudumu, kwa saa moja itapitisha watu mara kadhaa zaidi. Sababu ni nafasi. Gari dogo hata likiwa limesimama linakula mita saba hivi za mraba, likianza kwenda linataka nafasi ya breki mbele, mwendo ukipanda nayo nafasi inazidi kurefuka, afu ndani mara nyingi ni mtu mmoja.

Sasa angalia asubuhi vile watu wanamiminika kutoka Kibera, Mukuru na Kawangware kwenda Upper Hill, Industrial Area na Westlands. Karibu safari nne kati ya kumi Nairobi ni za mguu! Hao wote wangeingia kwa magari, si Mombasa Road ingekwama kabisa? Kwa hivyo hata wewe dereva, huyo anayetembea anakupunguzia jam, mheshimu.

Na mwili pia unafaidika sana. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa ya kutembea haraka haraka siku tano na umemaliza, jim hujalipa. Misuli ikifanya kazi inavuta sukari kutoka kwa damu hata kama insulini, ile homoni ya kushusha sukari, imelegea, ndio maana kutembea kidogo baada ya kula kunamsaidia mwenye kisukari. Baiskeli nayo, ukienda polepole kilomita 15 kwa saa, tao hadi Westlands ni kama dakika ishirini, na hii baridi yetu ya mita 1,700 na zaidi juu ya bahari hata hutoki jasho sana.

Kinachoniuma ni njia zenyewe. Sera ya Kaunti ya Nairobi ya 2015 iliahidi asilimia 20 ya bajeti ya usafiri iende kwa njia za miguu na baiskeli, na Katiba ya Kenya kifungu cha 54 kinampa mwenye ulemavu haki ya kufika kila mahali, lakini bado unapata gari limeegeshwa juu ya pavement na mtu wa kiti cha magurudumu analazimika kushuka katikati ya matatu. Ramp moja ya simiti kwa kila kona, na watu wazuiwe kuegesha hapo, ingemsaidia yeye, mama mwenye mtoto na mzee wa bakora siku hiyo hiyo.