Huruma isiyoishia kwenye pole: mafundisho ya Kiyahudi

Dhana: Ukiumia moyoni kwa ajili ya mwenzako, umeshamhurumia.

Kitabu cha Kutoka kinasema Musa aliwaendea ndugu zake akaiona mizigo yao. Marabi, walimu wa dini ya Kiyahudi, hawakuridhika na hilo "kuona". Katika Midrash, yaani mafafanuzi yao ya Maandiko, wanaeleza kwamba alitia bega lake chini ya mizigo, akamsaidia kila mmoja. Pirkei Avot, mkusanyiko wa mafundisho ya maadili ya marabi, nayo inataja mambo 48 ambayo mtu huipata Tora (Torati) kwayo, na mojawapo ni kubeba nira pamoja na mwenzako.

Dhana: Kumtembelea mgonjwa ni kumjulia hali tu.

Talmud, mkusanyiko mkuu wa sheria na mijadala ya marabi, inasimulia habari za mwanafunzi wa Rabi Akiva, mwalimu mashuhuri wa kale; mwanafunzi huyo aliugua, na wanazuoni hawakwenda kumwona. Akiva akaenda mwenyewe. Kwa ajili ya ujio wake pakafagiwa, sakafu ikanyunyiziwa maji, kama tufanyavyo kwenye sakafu ya udongo ili vumbi litulie. Mgonjwa akapata nafuu, akamwambia, "Rabi, umenihuisha." Akiva alipotoka hapo akafundisha kwamba asiyemtembelea mgonjwa ni kama amemwaga damu. Ni maneno makali, lakini nayakubali yote. Fikiria amelala siku ngapi kwenye vumbi lile, na wenzake wote wanajua anaumwa.

Dhana: Mfiwa akinyamaza, mtafutie maneno ya kumchangamsha.

Wafariji hawatakiwi kuanza kusema mpaka mfiwa mwenyewe afungue kinywa. Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku 7 bila kumwambia neno. Matanga ya Wayahudi, shiva, nayo ni siku 7, na mlo wa kwanza baada ya maziko mfiwa hali chakula chake mwenyewe. Majirani ndio humletea, mara nyingi mayai ya kuchemsha au dengu. Aliyewahi kuona sufuria la jirani likiingizwa msibani hahitaji kuelezwa zaidi.

Dhana: Kutoa ni ukarimu wa wenye nacho.

Neno lao tzedakah ni ndugu wa sadaka yetu iliyotufikia kupitia Kiarabu, na kwa Kiebrania shina lake ni haki. Kwa hiyo hata maskini anayeishi kwa kusaidiwa naye hutakiwa kutoa. Maimonides, rabi na mwanafalsafa wa karne ya 12, alipanga ngazi 8 za utoaji. Ya juu kabisa ni kumpa mtu mkopo, ubia au kazi ili asihitaji tena kuomba. Na anayetoa huku amekunja uso, anasema, amepoteza thawabu yake, hata akitoa vipande 1,000 vya dhahabu.