García: jina la ukoo linaloongoza Hispania limetoka wapi na lina maana gani

Kwenye kikosi cha Real Madrid kilichoenda Marekani kucheza Kombe la Dunia la Klabu 2025 kulikuwa na Fran García, beki wa kushoto, na Gonzalo García, yule dogo mshambuliaji aliyeibuka mfungaji bora wa mashindano. Watu wakaanza kuulizana, hawa ni ndugu? Hapana, si ndugu. Na kinachochanganya zaidi ni majina yao kamili, mmoja ni Francisco José García Torres na mwingine ni Gonzalo García Torres, yaani majina yote mawili ya ukoo yamefanana, la baba na la mama, wakati mmoja kazaliwa Bolaños de Calatrava huko mkoa wa Ciudad Real na mwingine ni wa Madrid mjini. Ukihamia Barcelona unakuta tena Joan García golini na Eric García nyuma, nao hawahusiani.

Hispania hilo ni jambo la kawaida kabisa. García ndilo jina la ukoo linaloongoza nchi nzima, kama watu milioni 1.4 hivi wanalo kama jina la kwanza la ukoo, ambayo ni karibia watu 3 kwa kila 100, halafu kuna idadi inayokaribiana na hiyo ya wanaolibeba kama jina la pili kutoka kwa mama, na wapo makumi ya maelfu ambao ni García García, baba García mama García.

Sasa cha kwanza kuelewa ni kwamba García mwanzoni halikuwa jina la ukoo. Lilikuwa jina la mtu, la kupewa mtoto akizaliwa, kama Juma au Hamisi. Angalia wafalme wa mwanzo wa Pamplona, ule ufalme mdogo chini ya milima ya Pirenei ambao baadaye ukajulikana kama Navarra. Karne ya 9 alitawala Íñigo Arista, akafuata mwanawe García Íñiguez, akafuata mjukuu Fortún Garcés. Yasome hayo majina matatu polepole utaona mfumo wote. Íñiguez ni mtoto wa Íñigo, Garcés ni mtoto wa García, kila kizazi jina la pili linabadilika kufuata jina la baba, sawasawa na huku kwetu Ali Juma akimzaa Hamisi anakuwa Hamisi Ali.

Zile herufi -ez za mwisho ndo zilizoleta majina mengi ya Kihispania tunayoyasikia kila siku, Fernández ni mtoto wa Fernando, Rodríguez wa Rodrigo, Sánchez wa Sancho, Martínez wa Martín. Kuanzia karne ya 11 hivi na kuendelea, taratibu, watu wakaacha kubadilisha kila kizazi, jina la babu likaganda na kuwa la ukoo mzima. Wengine likawagandia na mkia wake, ila García likaganda hivyohivyo bila mkia, Garcés lipo lakini ni dogo sana. Ndo maana ukiangalia orodha ya majina ya ukoo Hispania, chini ya García yanafuata Rodríguez, González, Fernández, López, Martínez, yote -ez tupu, na juu kabisa kakaa huyu ambaye hana.

Maana yake sasa. Hapa mtandaoni utakuta watu wanakuambia moja kwa moja García maana yake ni dubu, kana kwamba imeshathibitishwa. Ukweli ni kwamba wataalamu wengi wanakubaliana jina limetoka upande wa Wabaski, watu wa kaskazini ambao lugha yao haina undugu unaojulikana na lugha nyingine yoyote duniani, na Kibaski dubu anaitwa hartz, hivyo wapo wanaolihusisha na huyo mnyama. Wengine wanasema limetoka kwenye gazte, ambalo ni kijana. Hakuna hati inayomaliza huo ubishi maana jina lilikuwepo kabla watu hawajaanza kuandika kwa hiyo lugha, kwenye nyaraka za zamani za Kilatini unalikuta tayari limeshakuwa Garsea au Garsias. Mimi la dubu naona lina nguvu, milima ile ilikuwa na dubu kweli, lakini mtu akikuambia ana uhakika asilimia mia usimwamini.

Kutoka Navarra jina likashuka kusini pamoja na falme za Kikristo zilivyokuwa zinapanuka. León walikuwa na mfalme García (910 hadi 914), Castilla walikuwa na mtawala García Fernández karne hiyohiyo ya 10, na mkubwa akiwa na jina fulani watu wanaita watoto wao vivyo hivyo. Baadaye meli zikalipeleka Amerika, na huko wenyeji na watumwa waliobatizwa wengi walipewa majina ya Kihispania na mapadri au mabwana zao. Kwa hiyo García wa Mexico au Kolombia anaweza asiwe na tone la damu ya Navarra, hili naomba lieleweke vizuri kwa sababu kuna watu wanauza picha za nembo ya ukoo wa García kwa hela nzuri tu. Nembo zilikuwa za familia moja moja, hakuna nembo ya García wote, usitoe hela yako.

Ufilipino ni habari nyingine kabisa. Mwaka 1849 gavana Mhispania Narciso Clavería alitoa amri watu wapewe majina ya ukoo ili serikali iweze kuwahesabu na kuwatoza kodi, likasambazwa daftari la majina yaliyopangwa kwa alfabeti, na kuna miji ambayo mpaka leo wenyeji wengi majina yao yanaanza na herufi moja. Leo García ni miongoni mwa majina ya kawaida sana kule, hata rais wao wa 1957 hadi 1961 aliitwa Carlos P. Garcia, na hiyo P ni Polistico, jina la ukoo wa mama yake, kwani Wafilipino la mama wanaliweka katikati wakati Wahispania wanaliweka mwisho.

Na Afrika lilifika mapema. Ufalme wa Kongo, uliokuwa eneo ambalo leo ni Angola kaskazini na Kongo ya magharibi, ulikuwa na wafalme kadhaa wenye jina hili kupitia ubatizo wa Kireno, na Garcia II Nkanga a Lukeni aliyeshika madaraka mwaka 1641 ndiye maarufu zaidi, yule aliyeungana na Waholanzi dhidi ya Wareno wa Luanda. Kwake lilikuwa jina la kwanza, kama kule Pamplona zamani.

Kuhusu kuwaita: Mhispania ana majina mawili ya ukoo, la kwanza kwa kawaida la baba na la pili la mama (tangu 2017 wazazi wanachagua mpangilio wenyewe), na mwanamke akiolewa habadilishi. Kwa hiyo hata mwandishi Mkolombia Gabriel García Márquez si "Márquez", baba yake alikuwa García, kwa ufupi unasema García Márquez. Lakini kwa sababu akina García ni wengi mno, wengine wameishia kujulikana kwa jina la mama, mshairi Federico García Lorca dunia nzima inamwita Lorca tu.

Matamshi ni rahisi kwetu, mkazo uko kwenye SI, gar-SI-a, na kile kialama juu ya í kinaonyesha hivyohivyo. Sehemu kubwa ya Hispania hiyo c inatamkwa kama th ya thelathini, Amerika ya Kilatini inakuwa s ya kawaida. Marekani kialama huwa kinaachwa, na kwenye sensa yao ya 2010 Garcia lilishika nafasi ya 6 kwa watu zaidi ya milioni 1.1, nyuma ya Smith, Johnson, Williams, Brown na Jones, wakati sensa ya 2000 lilikuwa la 8.