Mshahara wa mkuu wa shule ya umma: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wengi wanaamini mkuu wa shule hulipwa kwa matokeo: shule ikifaulisha, mshahara unapanda. Dhana hii imeenea kuliko zote, na ndiyo iliyo mbali zaidi na ukweli. Mara nyingi kinachopimwa kwanza ni ukubwa wa shule na ngazi yake. Uingereza, katika shule zilizo chini ya halmashauri, kila mwanafunzi huhesabiwa pointi kwa hatua ya masomo aliyofikia: wa msingi 7, wa miaka ya mwisho ya sekondari 13. Jumla ya pointi hizo ndiyo huiweka shule katika mojawapo ya makundi 8 ya mishahara. Watoto 300 wa msingi ni pointi 2,100. Wangekuwa wa sekondari ya juu, zingefika 3,900. Hapo hakuna aliyeuliza nani kafaulu. Utendaji wa mkuu huangaliwa baadaye, anapopandishwa daraja ndani ya kundi lake.

Eti mkuu hujipangia mshahara kwa kuwa ndiye anayeshika fedha za shule? Hapana. Anayepanga ni mwajiri: serikali, halmashauri au bodi.

Dhana nyingine ni kwamba anamzidi mno mwalimu mwenye uzoefu. Hapa naomba tupige hesabu kabla ya kulaumu. Marekani, mikataba huandikwa kwa idadi ya siku za kazi, na mkuu hubaki shuleni wanafunzi wakiwa likizo, akipanga ratiba na kutafuta walimu wapya. Chukulia mwalimu anapata dola 60,000 kwa siku 185, na mkuu dola 80,000 kwa siku 225. Kwa mwaka, mkuu amemzidi kwa theluthi moja. Kwa siku ni kama dola 356 kwa 324, tofauti isiyofika hata asilimia 10. Na jioni za vikao hazina malipo ya ziada.

Inayoniuma ni ile ya mwisho: kwamba shule yenye mazingira magumu lazima humlipa mkuu wake zaidi. Zipo wilaya zinazotoa posho ya namna hiyo, na zinastahili pongezi. Lakini Marekani sehemu kubwa ya fedha za shule hutokana na kodi ya majengo na ardhi ya eneo husika. Penye nyumba za bei kubwa, wilaya ina uwezo wa kulipa vizuri. Jirani yake maskini humlea mkuu mzuri miaka mitatu minne, kisha humwona akivuka mpaka kufuata mshahara.