Sensa ya kiwandani lazima iwe na laini na bando?

Imani iliyozoeleka ni kwamba ukitaka sensa, yaani kifaa cha kupima, itume taarifa bila waya, kila moja iwe na laini yake na bando la kila mwezi, kwa hiyo ukiwa na matenki 40 unalipia laini 40. Inaeleweka, maana simu ndo tulivyoizoea.

Sasa piga hesabu kidogo. Kina cha maji kwenye tenki kinaingia kwenye baiti 2, ukipima kila dakika 15 ni mara 96 kwa siku, yaani baiti 192 tu, wakati picha moja ya simu mara nyingi inapita baiti milioni moja. Kwa mzigo mdogo hivyo kuna LoRa, redio ya spidi ndogo inayofika kilomita kadhaa kwenye uwazi (kwenye mabati na zege inapungua sana, usidanganyike na namba za kwenye boksi), na betri inaweza kukaa miaka kwa sababu sensa inalala muda mwingi. Sensa zote zinaongea na kituo kimoja cha kupokea, hicho ndo kinahitaji intaneti. Ila kamera ya video sahau, haiwezi.

Kabla ya kununua soma karatasi ya vipimo: masafa ya redio ni 868 au 915 MHz, na je yanaruhusiwa nchini kwako? Muulize muuzaji kama kuna ada ya mwezi, halafu jaribu na sensa mbili tu palepale kiwandani, antena ikiwa juu.